Saketi Inayojifunza Waya Wake

Ndani ya seva ya kisasa, biti moja ina urefu wa nusu sentimita. Hesabu yake ni rahisi. Kiungo cha PCI Express cha toleo la tano, kinachounganisha chipu kuu na kadi zake, hupitisha biti bilioni 32 kwa sekunde katika kila njia, kwa hiyo kila biti huishi pikosekunde 31 tu. Kwenye bodi ya nyuzi za kioo na epoksi, ishara ya umeme husafiri karibu sentimita 15 kwa nanosekunde, nusu ya mwendo wa mwanga. Ukizidisha unapata milimita tano, pungufu kidogo. Waya wa sentimita 40 unaotoka kwenye chipu kuu hadi kwenye kadi iliyo upande wa pili wa kasha huwa umebeba biti zaidi ya 80 kwa wakati mmoja, zimepangana kama zilivyotumwa, na kila moja inamwagikia zinazoifuata.

Ndiyo maana mhandisi wa saketi za kasi hapimi waya kwa rula peke yake. Humuuliza mwenzake: biti moja ikiingia huku, mabaki yake yanaharibu biti ngapi kule? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama waya ni mfupi au mrefu. Kwa kipimo hicho, sentimita 40 za shaba ndani ya kasha la chuma zina maradhi yaleyale yaliyoisumbua telegrafu ya bahari ya Atlantiki miaka zaidi ya 160 iliyopita. Mhadhara huu unafuata maradhi hayo na tiba yake, kutoka kwenye telegrafu hadi kwenye chipu, na hoja yake ni moja: waya mzuri wa kutosha haukupatikana kamwe, na kasi tuliyo nayo leo imetoka kwa saketi zinazouchunguza waya wao zenyewe, bila fundi kuwapo.

Agosti 1858, Malkia Victoria alimtumia Rais James Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98 kupitia mkongo mpya uliotandazwa chini ya Atlantiki kutoka kisiwa cha Valentia, Ayalandi, hadi Newfoundland. Salamu hizo zilichukua saa 16 hivi. Umeme wenyewe haukuwa mzembe. Shida ilikuwa kwamba alama iliyoingia kali upande mmoja ilitoka upande wa pili kama wimbi la taratibu, linalopanda polepole na kushuka polepole zaidi, na mkia wake uliifunika alama iliyofuata. William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa ameshaliandika jambo hili mwaka 1855: ukirefusha mkongo mara mbili, alama huenea mara nne.

Wildman Whitehouse, daktari aliyekuwa msimamizi wa umeme wa kampuni ya mkongo, hakukubaliana naye. Aliamini kwamba nguvu ingemaliza kazi, akausukuma mkongo kwa volti karibu 2,000. Mkongo ulikufa wiki chache tu baada ya kuunganishwa. Hapa pana jambo la kulishika, kwa sababu litarudi tena na tena: kuongeza nguvu hakuponyi kuenea kwa alama. Mkia hukua sawasawa na kichwa. Msemaji aliye kwenye ukumbi mkubwa wenye mwangwi anaijua hali hiyo. Akipaza sauti, mwangwi nao hupaa, na kinachobaki kumsaidia ni kutamka neno, kungoja, kisha kutamka jingine. Waendesha telegrafu wa wakati huo walifanya hivyohivyo. Walituma taratibu. Mkongo uliofika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Durban, ulikuwa chini ya sheria hiyohiyo ya Thomson.

Aliyefungua mlango wa kwanza alikuwa Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kuwa mwendesha telegrafu na ambaye elimu yake ya hisabati aliipata kwa kujisomea. Mwaka 1887 alionyesha kwamba tabia nne za waya, yaani ukinzani, uvujaji, induktansi na uwezo wa kuhifadhi chaji, zikiwa katika uwiano fulani, ishara itadhoofika njiani lakini haitapoteza umbo. Tiba aliyoipendekeza ilionekana ya ajabu kwa wengi: ongeza induktansi. Nchini Marekani Mihajlo Pupin alipata hataza ya koili za kuongeza induktansi hiyo mwaka 1900, na kampuni ya AT&T ikainunua. Simu za mbali zikasikika. Lakini koili hizo zilikata masafa yote yaliyo juu ya sauti ya binadamu, na karibu karne moja baadaye mafundi waliotaka kupitisha intaneti kwenye nyaya zilezile za simu walilazimika kuzing'oa. Kurekebisha umbo la ishara namna hii huitwa usawazishaji, na hiyo ndiyo kasoro ya usawazishaji uliogandishwa: humfaa yule aliyeuagiza, kwa kazi ileile, kwenye waya uleule.

Kinachotokea ndani ya shaba kinastahili kuelezwa vizuri. Ishara ya kidijitali, hata ikionekana kuwa sifuri na moja tu, ni mchanganyiko wa masafa mengi. Biti zinazobadilika haraka, moja sifuri moja sifuri, zina masafa ya juu. Mfululizo mrefu wa moja tupu una masafa ya chini. Waya hauzitendei haki sawa. Masafa yakipanda, umeme huacha kutumia unene wote wa waya na kukimbilia ngozi yake. Kwa gigahezi moja unene unaotumika ni mikromita mbili hivi. Kwa gigahezi 16 ni nusu mikromita. Hapo hata mikwaruzo ya uso wa shaba, ile iliyotiwa kiwandani ili shaba ishikamane na bodi, huwa vilima na mabonde kwa ishara inayopita. Zaidi ya hayo, epoksi iliyozunguka waya hunyonya sehemu ya nguvu kila uga wa umeme unapogeuka, na unyonyaji huo huongezeka sambamba na masafa, haraka kuliko hasara ya ngozi.

Kanuni za PCI Express za toleo la tano zinaruhusu hasara ya desibeli 36 kwenye gigahezi 16, kutoka chipu hadi chipu. Kwa lugha ya volti, hiyo ni sehemu moja ya 63. Ikiingia volti moja ya masafa hayo, hutoka milivolti 16. Wakati huohuo, mfululizo mrefu wa biti zinazofanana hupita karibu ukiwa mzima. Basi chukua sifuri kumi zikifuatwa na moja iliyo peke yake, kisha sifuri tena. Zile sifuri kumi zimeuvuta waya chini kabisa. Ile moja inajaribu kupanda, na kabla haijafika hata katikati inavutwa tena chini. Kipokezi kisicho na msaada huisoma kuwa sifuri. Hakuna kelele iliyoingia, hakuna kifaa kilichoharibika. Biti imezama kwenye mabaki ya wenzake.

Wahandisi huitazama hali hii kwa osiloskopu, wakilalisha maelfu ya biti moja juu ya nyingine kwenye kioo. Waya ukiwa mfupi, mistari huacha uwazi katikati unaofanana na jicho, na jina lake ni hilo hilo, jicho. Waya ukirefuka au kasi ikipanda, kope hukaribiana. Mwisho jicho hufumba kabisa, na mtu aliyekaa mbele ya osiloskopu haoni chochote zaidi ya utando wa mistari.

Mwaka 1928 Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi AT&T, alikuwa ameandika sharti linaloeleza jicho wazi ni nini hasa. Alama jirani zinaruhusiwa kulaliana, hata sana, mradi kila moja iwe sifuri katika nukta ile jirani yake anaposomwa. Kati ya nukta hizo wimbi na lifanye litakalo. Ni ukarimu mkubwa kwa mhandisi: hahitaji kulirudisha wimbi lilivyokuwa, anahitaji tu kulinyoosha mahali pa kusomea.

Ila nani alinyooshe? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Fundi aliketi na osiloskopu, akizungusha vifundo mpaka jicho lifunguke. Kwa laini ya kukodi iliyounganisha ofisi mbili siku zote, hilo liliwezekana. Kwa simu ya kupiga namba halikuwezekana hata kidogo, kwa sababu kila simu hupitia njia yake kwenye mtandao, na waya wa saa nne sio waya wa saa tano.

Robert Lucky alijiunga na maabara ya utafiti ya Bell Labs mwaka 1961, akitoka Chuo Kikuu cha Purdue. Mwaka 1965, akiwa na umri usiofika miaka 30, alichapisha kwenye jarida la kampuni hiyo makala kuhusu usawazishaji wa kujiendesha kwa mawasiliano ya kidijitali. Kifaa chake kilitumia muundo uliokuwa ukijulikana tayari: ishara hupita kwenye mstari wa ucheleweshaji wenye vituo, kila kituo huchota nakala ya ishara, nakala huzidishwa kwa uzani wake, kisha zote hujumlishwa. Kama alama inaacha mabaki ya theluthi moja kwenye nukta inayofuata, nakala iliyochelewa nukta moja na kupewa uzani wa theluthi hasi itayapunguza.

Upya wa Lucky ulikuwa katika namna ya kupata hizo uzani. Kabla ya data kuanza, upande wa kutuma ulipeleka alama za majaribio, moja moja, zikiwa zimeachana. Kipokezi kiliangalia nukta zote ambazo zilipaswa kuwa sifuri. Nukta ikisomeka chanya, uzani wa kituo chake ulishushwa hatua moja ndogo. Ikisomeka hasi, ulipandishwa hatua moja. Kiasi cha kosa hakikuulizwa, iliulizwa alama yake tu, chanya au hasi. Rudia, rudia tena, na uzani zenyewe zikajipanga. Lucky hakuishia kuonyesha kwamba kifaa kinafanya kazi. Alithibitisha kihisabati kwamba njia hii hufikia jibu bora lililopo, kwa sharti moja: jicho liwe limefunguka japo kidogo kabla ya kuanza. Sharti hilo dogo bado linaongoza mpangilio wa chipu zinazotengenezwa leo.

Mwaka uliofuata alipiga hatua ya pili, na kwa maoni ya mhadhara huu ndiyo iliyo kubwa zaidi. Aliondoa alama za majaribio. Kipokezi kiliendelea kujirekebisha wakati data halisi inapita, kikitumia maamuzi yake chenyewe kama kwamba ndiyo ukweli. Kimesoma moja, basi kinachukulia kwamba moja ndiyo iliyotumwa, kinatazama ishara imekosea kiasi gani kuwa moja kamili, na kinasogeza uzani. Mtu anaweza kuogopa: je, kama kimesoma vibaya? Kitasogea upande mbaya, hatua moja ndogo. Lakini kama maamuzi 99 kati ya 100 ni sahihi, hatua 99 zinaelekea kuzuri, na wastani wa safari hauna shaka. Kifaa kinaweza kujifunza kutokana na makisio yake ikiwa makisio mengi ni ya kweli.

Kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, mwishoni mwa 1959, Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff walikuwa wamefika jirani na hapo kwa njia nyingine. Kanuni yao ilikuwa fupi: kila kosa linapoonekana, sogeza kila uzani kidogo kwenye upande unaolipunguza kosa hilo, kwa kiasi kinacholingana na kosa lenyewe na mchango wa uzani huo. Waliitumia kufundisha mfano wa chembe moja ya ubongo iliyotengenezwa kwa umeme. Hoff alikwenda baadaye Intel, ambako alishiriki kubuni 4004, chipu-ubongo iliyotoka mwaka 1971. Hesabu ya kanuni yao ndiyo babu wa ile inayofundisha mitandao ya neva ya leo, na wakati huohuo ndiyo inayofanya kazi kimya ndani ya modemu, kifaa kinachopitisha data kwenye laini ya simu. Laini ya simu iliyokuwa ikibeba biti 2,400 kwa sekunde ikabeba 9,600 kwenye miaka ya 1970, na kufikia 1996 kanuni za kimataifa ziliruhusu 33,600 kwenye simu ya kawaida ya nyumbani. Shaba ilikuwa ileile.

Kisha kompyuta zenyewe zikawa na kasi inayozigeuza bodi zao kuwa bahari.

PCI Express ya kwanza, mwaka 2003, ilipitisha biti bilioni 2.5 kwa sekunde. Ilitosha upande wa kutuma kuzikandamiza kidogo biti zinazojirudia ili zile zinazobadilika zisikike, kwa kiwango kimoja kilichoandikwa kwenye kanuni. Toleo la tatu, la 2010, lilipofika bilioni 8, kiwango kimoja hakikutosha tena. Tangu hapo kila kiungo huanza maisha yake kwa mazungumzo. Pande mbili huamka zikizungumza kwa kasi ya zamani ya bilioni 2.5, zinaambiana uwezo wao, kisha zinapanda. Kadi husikiliza, na kuiomba bodi ibadilishe umbo la ishara inayotuma: kandamiza zaidi kabla ya biti, punguza baada yake. Kanuni zinatoa miundo 11 ya kuanzia, na chipu inaweza kuomba zaidi ya hiyo. Halafu zamu hugeuka, na bodi inaiomba kadi vivyo hivyo. Yote huisha katika makumi ya milisekunde, kila kompyuta inapowashwa. Yakishindikana, kiungo hurudi kwenye kasi ya chini bila kumwambia mtu, na mwenye kompyuta hugundua tu kwamba kadi yake mpya haina haraka aliyoilipia.

Ndani ya kipokezi kuna ngazi mbili, na mpangilio wake ni sharti la Lucky limegeuzwa kuwa silikoni. Ya kwanza ni kikuza ishara cha kawaida chenye rezista na kapasita zilizowekwa ili masafa ya juu yakuzwe kuliko ya chini. Hiki hulifungua jicho kidogo. Kina dosari moja kubwa: hakitofautishi ishara na kelele. Uvujaji kutoka nyaya jirani, ambao nao ni wa masafa ya juu, hukuzwa pamoja na biti. Kwa hiyo hakifai kubebeshwa kazi yote.

Ngazi ya pili hurudisha maamuzi nyuma. Wazo lake lilichambuliwa kwa kina na M. E. Austin wa Lincoln Laboratory, MIT, mwaka 1967, na mfano wa namba unalieleza vizuri kuliko maneno. Tuseme moja hutumwa kama +1 na sifuri kama −1. Tuseme waya ni mbaya kiasi kwamba kila biti, baada ya kufika kwa nguvu ya 1, huacha 0.7 kwenye zamu inayofuata na 0.4 kwenye zamu ya baada yake. Sasa zinatumwa +1, +1, −1. Zamu ya tatu, kipokezi kinapata −1, na juu yake 0.7 ya biti iliyotangulia na 0.4 ya ile ya kabla yake. Jumla ni +0.1. Bila msaada, kitasema +1, na kitakuwa kimekosea. Lakini biti mbili za nyuma kilikwishazisoma, kinazijua. Kinazidisha ya jana kwa 0.7 na ya juzi kwa 0.4, kinaondoa 1.1, na kinabaki na −1 safi kabisa. Kelele haikukuzwa hata chembe, kwa sababu kilichoondolewa ni namba safi zilizotengenezwa ndani ya kipokezi chenyewe.

Na hizo 0.7 na 0.4 kimezitoa wapi? Hapa utaratibu wa mwaka 1965 unarudi karibu bila kubadilika. Tuseme kipokezi kilianza kwa kukisia 0.5 badala ya 0.7. Kila ikitangulia +1, ishara iliyosafishwa itabaki juu kidogo ya inapotakiwa. Kila ikitangulia −1, itabaki chini kidogo. Basi kipokezi hulinganisha alama mbili tu: alama ya kosa na alama ya biti iliyopita. Zikifanana, uzani ni mdogo mno, uongezwe hatua. Zikitofautiana, upunguzwe. Hakuna kuzidisha, hakuna kugawanya, ni mlango mmoja wa mantiki na kihesabio. Kelele itadanganya mara nyingi, lakini kelele haina upendeleo. Hudanganya juu na chini kwa usawa, na ndani ya mabilioni ya biti za sekunde moja uongo huo hufutana. Saketi iliyo sahili kiasi hicho inaweza kufuata waya wake mchana na usiku kwa nguvu kidogo sana ya umeme.

Ufuatiliaji huo si anasa. Bodi hazitoki kiwandani zikiwa sawa. Kadi hutolewa soketi hii ikatiwa ile. Epoksi hupoteza ishara zaidi ikipata joto, na zaidi ikinywa unyevu wa hewa; bodi iliyopimwa kwenye maabara kavu ya Ulaya ya kaskazini na bodi hiyohiyo ikiwa Mombasa au Dar es Salaam, siku kiyoyozi kimezimika, ni nyaya mbili tofauti. Uzani zilizogandishwa kiwandani zingekuwa sahihi kwa bodi moja, kwa siku moja.

Ugumu mkubwa wa ngazi hii ya pili ni muda. Ili kuondoa mabaki ya biti iliyopita, lazima biti hiyo iwe imesomwa, izidishwe na itolewe kabla ijayo haijafika, na nafasi iliyopo ni pikosekunde 31. Transista haziwezi kwa utulivu. Suluhisho, lililopendekezwa na watafiti Kasturia na Winters mwaka 1991, lina ujanja wa kupendeza: usingoje. Somo la biti mpya hufanywa mara mbili kwa wakati mmoja, moja likichukulia kwamba iliyopita ilikuwa +1, jingine kwamba ilikuwa −1. Biti iliyopita ikishajulikana, jibu lililo sahihi linachaguliwa na jingine linatupwa. Gharama yake ni kwamba kila biti ya nyuma inayotibiwa kwa njia hii huongeza idadi ya masomo maradufu, kwa hiyo hutumika kwa biti moja au mbili za karibu zaidi, na zilizobaki hutibiwa kwa utulivu wa kawaida. Kumbukumbu za DDR5, ambazo kanuni zake zilitoka mwaka 2020, zina saketi ya kurudisha maamuzi nyuma ndani ya chipu yenyewe ya kumbukumbu, ikitibu biti nne za nyuma. Miaka michache kabla ya hapo hakuna aliyetegemea kumbukumbu ya kompyuta ibebe kifaa cha modemu.

Yapo yasiyotibika. Tundu linalopitisha ishara kutoka tabaka moja la bodi hadi jingine mara nyingi huacha kipande cha shaba kinachoning'inia chini ya tabaka la kutokea, hakiendi popote. Ishara huingia humo, hugonga mwisho, na kurudi. Kipande cha milimita mbili na nusu hufikia mahali ambapo kinachorudi kinakuwa kinyume kabisa cha kinachokuja kwenye gigahezi 15 hivi, pembeni tu ya masafa muhimu zaidi ya PCI Express ya toleo la tano. Kwenye masafa hayo ishara humezwa. Kisawazishi kinaweza kukuza kilichodhoofika. Kilichomezwa hakirudi, na kila jitihada ya kukirudisha hukuza kelele tupu. Kwa hiyo viwandani bodi hupinduliwa na tundu likatobolewa upya kwa kekee nene kidogo, hadi kipande hicho kiondoke. Mbunifu anayetegemea akili ya chipu kufunika uzembe wa bodi atafika mahali hapo mapema kuliko anavyodhani.

Kwenye mikongo ya faiba ya baharini, ile iliyobadilisha intaneti ya Afrika Mashariki kuanzia SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, adui ni mwingine lakini mbinu ni ya ukoo uleule. Mwanga husafiri ukiwa na pande mbili za mtetemo, na mifumo ya gigabiti 100 na kuendelea hutia data tofauti kwenye kila upande. Faiba huzizungusha na kuzichanganya pande hizo njiani, na mchanganyiko hubadilika kadiri kebo inavyopata joto au kutikisika. Kipokezi cha nchi kavu huzitenganisha kwa kujirekebisha daima, na mara nyingi huanza bila alama zozote za majaribio, kwa kanuni aliyoichapisha Dominique Godard wa IBM Ufaransa mwaka 1980. Godard alikuwa akishughulikia modemu za simu. Hata kebo ya kawaida ya mtandao ofisini, ile ya gigabiti moja iliyowekewa kanuni mwaka 1999, ina visawazishi vya kujifunza kwenye kila moja ya jozi zake nne, pamoja na saketi inayofuta mwangwi wa sauti yake yenyewe.

Toleo la sita la PCI Express, lililotangazwa Januari 2022, lilikwepa kupandisha masafa kwa kutumia ngazi nne za volti badala ya mbili, ili kila zamu ibebe biti mbili. Majicho sasa ni matatu, moja juu ya jingine, na kila moja lina theluthi ya urefu wa lile la zamani. Visawazishi pekee havikutosha. Kanuni zimekubali kwamba biti moja katika milioni inaweza kusomwa vibaya, zikaongeza hesabu ya kurekebisha makosa baadaye. Zamani kosa moja katika biti bilioni elfu ndilo lililovumiliwa. Kipokezi kinachorudisha maamuzi nyuma kina udhaifu unaohusika hapa moja kwa moja: uamuzi mbaya ukirudishwa huharibu unaofuata, na makosa huja kwa vishada. Hesabu ya marekebisho ilibidi ipangwe kwa kufikiria vishada hivyo.

Vipokezi vya gigabiti 112 vimekwenda mbali zaidi. Ishara hugeuzwa namba mara tu inapoingia, na usawazishaji wote hufanywa kwa hesabu za kidijitali. Ubora umepanda, na pamoja nao bili ya umeme, jambo linaloumiza kwenye vituo vya data vyenye makumi ya maelfu ya viungo. Tangu 2023 kundi la watengenezaji limekuwa likitetea moduli za faiba zisizo na chipu ya hesabu kabisa, ili kisawazishi kilichomo kwenye swichi kiibebe kazi ya shaba na ya faiba kwa pamoja. Wapinzani wao wanasema kisawazishi kimoja kitakuwa kinajifunza njia inayomilikiwa na kampuni tatu tofauti, na kiungo kikifa hakuna atakayejua ni sehemu ya nani iliyokiua. Pande zote mbili zinapima bodi zilezile, kwa desibeli zilezile, na ubishi huo unaendelea katika vikao vya kuandika kanuni.